Jina la Pili kwenye Fomu

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1950 inamruhusu mtu aliyekodi kishamba cha halmashauri kufuga kuku na sungura. Jogoo hapana. Niliposomewa kifungu hicho mara ya kwanza nilicheka, maana kwetu Lushoto ukipita kitongoji kisichowika utauliza watu wamehama lini. Lakini ukikaa Leicester, kwenye mtaa ambao ukuta wako ndio ukuta wa jirani, na jirani mwenyewe katoka zamu ya usiku ndiyo kwanza anaegesha kichwa, utakubali kwamba aliyetunga kifungu kile alijua anachokifanya. Mimi ilinichukua muda kukubali hivyo. Kanuni za shamba nilizipokea kwa kinyongo, na aliyenifundisha kuzisoma alikuwa mzee wa Kihindi kutoka Jinja.

Vishamba vyenyewe huitwa alotimenti. Mara nyingi ni ardhi ya halmashauri iliyokatwa vitalu na kukodishwa kwa wakazi, kwa bei nafuu, ili walime chakula cha nyumbani. Kitalu kamili kwa desturi ni rodi 10, kipimo cha kale ambacho Waingereza wameshindwa kukiacha. Ni kama mita za mraba 250, yaani sehemu moja ya 16 ya eka. Mkulima wa Mbozi ukimwonyesha eneo hilo ukasema ndilo shamba zima, atakuuliza nyumba utaijenga ikielekea wapi.

Historia yake ina uchungu wake. Ardhi za vijiji ambazo watu wote walikuwa wakichungia na kuokotea kuni ziliwekewa uzio na kumilikishwa wachache, hasa karne ya 18 na ya 19, na vibarua wa mashambani wakabaki hawana hata pa kupanda viazi. Vitalu vikaanza kutolewa kama kifuta machozi. Sheria ya mwaka 1908 ikazibebesha halmashauri wajibu wa kutoa vitalu panapokuwa na wahitaji, na mpaka leo wakazi sita wakijiunga kuandika barua, halmashauri haiwezi kuitupa kapuni, lazima iizingatie. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ilipohimiza kila mtu alime, vitalu vilifika takriban milioni 1.4. Baada ya vita vingi vilimezwa na nyumba na barabara. Vilivyobaki sasa vina foleni, na kuna miji ambayo mtu husubiri miaka.

Mimi sikusubiri. Niliingia kwa mlango wa uani, wanakopitia wageni wengi: kwa kulima ndani ya kitalu cha mtu mwingine.

Mwenye kitalu nilimkuta dukani, mtaa wa Belgrave Road. Nilikuwa nimesimama mbele ya mifuko ya unga nikiongea na mama kwa simu, nikimlalamikia kwamba sembe ya huku haina ladha, mara sauti nyuma yangu ikasema: "Kijana, hiyo unga hapana chukua. Kwenda duka ya pili, kule iko nzuri." Nikageuka. Kofia ya sufu imefunika masikio, fimbo mkono wa kushoto, mfuko wa dengu mkono wa kulia. Nikampa shikamoo. Ilimchanganya kidogo, kwa maana Jinja alikokulia salamu hiyo haikuwa desturi, lakini aliipokea kwa kichwa na kuniuliza kwetu ni wapi.

Leicester si ajabu kukutana na Kiswahili cha namna hiyo. Idi Amin alipotangaza mwezi Agosti 1972 kwamba Waasia waondoke Uganda ndani ya siku 90, takriban 28,000 kati yao walikuja Uingereza. Halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasielekee mji huo. Walikuja hivyo hivyo kwa maelfu, wakaingia viwanda vya soksi na nguo, wakafungua maduka, na leo mji unajivunia mtaa ule ule wa Belgrave Road mbele ya watalii. Mzee wangu alipitia kambi ya Stradishall huko Suffolk, iliyokuwa kambi ya jeshi la anga, akaja kufanya kazi ya kiwandani mpaka alipostaafu. Kitalu alikipata miaka ya 1980, wakati wenyeji walikuwa wamevichoka na aliyetaka alipewa.

Siku ile ya dukani alikuwa na barua mfukoni. Kamati ya eneo lao la vitalu ilikuwa imemwandikia kwamba kanuni inataka robo tatu ya kitalu iwe imelimwa, naye ameacha nusu. Magoti yalikuwa yamegoma. "Mimi iko mzee," akasema, "wewe iko na mikono. Kuja Jumamosi."

Nilikwenda. Kitalu kilikuwa chembamba na kirefu, kama vyote vilivyopangana pale, katikati njia za majani. Sehemu ya mbele aliishika mwenyewe: uwatu, giligilani, vitunguu saumu anavyovipanda Oktoba na kuving'oa Julai, na banda la vioo lenye pilipili. Sehemu ya nyuma ilikuwa imetekwa na gugu linalotambaa lenye mizizi myeupe, nyembamba, inayokatika ukiigusa. Na kila kipande ukikiacha ardhini kinakuwa mche mpya. Jembe la mkono kwa gugu hilo ni kulizalisha tu. Mzee alinipa uma wa kulimia na ndoo, akakaa juu ya kreti, akanielekeza: chomeka, inua, tikisa, okota. Ndoo ikijaa usimwage kwenye mboji. Mzizi uanikwe juu ya bati mpaka ukauke kabisa.

Makubaliano yetu ya mwanzo yalikuwa ya mdomo. Kazi nzito za pande zote mbili ni zangu, kodi ya pango analipa yeye, mbegu kila mtu na zake, na chakula anayekihitaji anachuma bila kuomba. Hilo la mwisho lilitusaidia kuliko yote. Nimeona watu waliogawana kitalu kwa kamba ya katani wakaishia kununiana kwa ajili ya zukini, tunda ambalo mwezi wa nane watu hulitega mlangoni kwa jirani usiku ili wasirudishiwe.

Nilipanda nilichokikosa. Mahindi ya kwetu hayafai kule. Yamezoea mchana wa saa 12, na mchana wa Juni wa Leicester unapita saa 16, kwa hiyo hurefuka tu, yakichelewa kutoa mbelewele hadi baridi inayakuta. Nikachukua yale matamu ya muda mfupi, nikayaoteshea dirishani na kuyatoa nje mwisho wa Mei, baridi ya kuunguza miche ilipokuwa imekwisha. Sukuma wiki haihitaji kubembelezwa, ila njiwa wanaipenda kuliko wewe, na bila wavu unabakiwa na mashina. Mchicha ukishapata joto la Juni unakimbia. Maboga niliyalima kwa ajili ya majani, jambo ambalo majirani wa kitalu cha pili hawakulielewa. Waliniona nakata majani mazuri na kuyaacha maboga yenyewe, wakadhani nimechanganyikiwa.

Sasa kanuni. Zilikuwa karatasi kadhaa zilizobanwa pini, na nilipozisoma damu ilinichemka. Njia iliyo upande wako uifyeke wewe, kwa upana waliouandika. Mpira wa maji usiunganishwe na bomba; chota kwa kopo kwenye tangi. Bomba hufungwa majira ya baridi. Moto usiwashwe miezi ya kiangazi. Zulia kuukuu lisitumike kufunika magugu. Waya wa miiba hapana. Mti wa tunda uwe wa aina fupi. Kibanda kisizidi vipimo hivi. Na usiuze. Hilo la kuuza ndilo lililoniuma, kwa sababu nilishapiga hesabu ya mafungu ya mchicha kwenye mikusanyiko yetu ya Watanzania, ambako mchicha freshi ungegombewa. Sheria ya mwaka 1922 inakielezea kitalu cha namna hii kuwa ni ardhi inayolimwa kabisa au kwa sehemu kubwa na mpangaji mwenyewe, kwa chakula chake na cha familia yake. Biashara ikiingia, hata huruma ya kodi ndogo inakosa msingi. Mafungu nikayagawa. Nilikuwa mtu maarufu sana kwa wiki chache za kiangazi.

Chuki yangu ilikuwa na mizizi ya mbali. Nimekulia kwenye hadithi za matuta. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo Mlalo, baadaye ukaenea Usambara: kila kaya ikate matuta kiasi fulani, asiyekata atozwe faini. Bibi yangu alikuwa miongoni mwa waliokataa. Alikuwa akieleza jinsi bwana shamba alivyopita na fimbo ya kupimia, na jinsi watu walivyokata matuta mawili ya kuonekana barabarani na kuishia hapo. Upinzani ukawa mkubwa, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Kwa hiyo mtu akinijia na karatasi kunielekeza namna ya kulima, mimi husikia sauti ya bibi kwanza.

Mzee alinichukua kwenye mkutano mkuu wa mwaka, ukumbi mdogo wa kanisa, chai na biskuti juu ya meza ya kukunja. Nilikaa viti vya nyuma. Ajenda ya moto ilipofika, mama mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye pumu alieleza jinsi moshi unavyoingia dirishani kwake, mzee mwingine akasema majani ya viazi yenye ukungu lazima yachomwe, wakabishana kwa nusu saa, kisha mikono ikanyooshwa na miezi ya kuwasha moto ikapunguzwa. Mbele ya macho yangu. Kumbe zile karatasi hazikushuka kutoka kwa bwana shamba. Zimeandikwa na watu hawa hawa wenye udongo kwenye kucha, na mwaka ujao wanaweza kuziandika upya. Ila mimi mkono wangu haukuhesabiwa. Sikuwa kwenye orodha.

Julai iliyofuata kamati ilipita kukagua. Nilikuwa kazini. Barua ikamfikia Mzee: zaidi ya robo ya kitalu imeachwa magugu, mpangaji ana siku 28 kurekebisha. Tulikizunguka kitalu tukiyatafuta magugu hayo. Hayakuwapo. Kilichokuwapo ni mistari yangu ya mchicha iliyofika magotini, tuta la mnavu, na maboga yaliyotandaa hadi ukingo wa njia.

Hasira ilinipanda, lakini ukiondoa hasira, mkaguzi alikuwa ameona kwa macho aliyofundishwa. Kule mchicha wa porini huota wenyewe kwenye mashamba ya viazi na hung'olewa bila kuulizwa. Jamaa wa mnavu, ule wenye vitunda vyeusi, watu wengi wanaujua tangu utotoni kuwa ni sumu, wanaonya watoto wasiuguse. Ukimkuta mtu ameupanda kwa mistari na kuumwagilia maji, utadhani nini?

Nilitaka kuandika barua kali. Mzee akanizuia. Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye kanuni mpaka akakifikia kifungu. "Soma," akasema. Nikasoma: robo tatu iwe inalimwa na kutunzwa. "Iko sema nini mtu lima?" Haisemi. "Basi hapana gombana. Andika hiyo tu."

Nikaandika nusu ukurasa. Nilitaja namba ya kifungu, nikataja mazao kwa majina yake ya kitaalamu na ya mtaani, tarehe ya kupanda kila mstari, nikabandika picha. Kwenye kila tuta nikachomeka kijiti chenye kibao. Njia niliifyeka mpaka ikang'aa, maana huwezi kudai kifungu kimoja huku umevunja kingine. Mwishoni nikawaalika wakaguzi Jumamosi. Walikuja wote wawili. Nilikuwa nimekuja na hotipoti ya mchicha wa nazi kutoka nyumbani, mnavu, na chapati. Mmoja alikula akaomba tena. Mwenzake alionja mchicha, akautazama mnavu uliopikwa, akanishukuru kwa adabu zote na kukataa kata kata. Barua ikafutwa. Mwaka uliofuata wakabadilisha mkaguzi, na barua ile ile ikaja tena. Nikatoa nakala ya jibu la kwanza, nikabadilisha tarehe, nikatuma.

Ni baada ya mambo ya mchicha ndipo Mzee alipoleta habari ya fomu. Kamati yao ilikuwa na utaratibu wa msaidizi aliyesajiliwa: mpangaji anaandika jina la anayelima naye, katibu anatia sahihi, tarehe inawekwa. Msaidizi hapati hati yoyote. Anapata haki ya kuwa na ufunguo wa geti na kuingia mpangaji asipokuwepo, basi. Kumkodishia mtu wa tatu ni marufuku na ni kosa la kunyang'anywa kitalu, kwa hiyo mtu anayelima bila jina lake kuandikwa popote anaweza kumponza mwenye kitalu, hata kama hakuna senti iliyobadilishana mikono.

Niliona aibu kidogo kuijaza. Kwetu ukimdai ndugu karatasi ni kama umemwambia humwamini. Mzee hakuwa na shida hiyo. Tulikuwa ndani ya banda la vioo, mvua inapiga juu, anakata vikonyo vya pilipili.

"Jinja mimi ilikuwa na karatasi ya duka," akaniambia. "Hati, risiti, leseni, yote iko. Askari alikuja, aliangalia karatasi, alicheka."

Nikamuuliza, sasa mbona bado unaamini karatasi?

"Kwa sababu hapa hapana askari," akasema. "Hapa iko katibu tu. Katibu iko ogopa karatasi."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Mtu aliyeporwa duka lenye hati halali angeweza kuishi maisha yake yote akidharau makaratasi, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alijifunza kupambanua: karatasi haimzuii mwenye bunduki, lakini inamzuia mtu wa kawaida aliyechoka, mwenye orodha ndefu mezani, ambaye angependa jambo lako liishe haraka. Na matatizo mengi ya raia wa kawaida yako mikononi mwa watu wa namna hiyo. Tukajaza fomu. Mimi nikaweka nakala.

Vitalu vitatu kutoka kwetu walilima vijana wawili, mwanamke na mwanamume ambao hawakuwa wamefunga ndoa. Jina lilikuwa la mwanamume. Mwanamke ndiye aliyepanda rasiberi, akajenga vitanda vya mbao, akabeba samadi kwa toroli kutoka getini kila majira ya kuchipua. Walipoachana, mwanamume alibaki na kitalu, na mwanamke akaambiwa ajiandikishe mwisho wa foleni. Hakuna aliyevunja kanuni. Alikuja siku moja na mfuko, akamwomba mwenzake ruhusa ya kuchimba machipukizi machache, akapewa.

Kisa kile kilinikumbusha sheria yetu nyumbani. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inasema ardhi ikiwa kwa jina la mwanandoa mmoja, lakini mwingine amechangia kwa kazi yake katika uzalishaji na uendelezaji wake, basi kwa kazi hiyo huhesabiwa kuwa na haki ndani ya ardhi ile. Kwamba vijijini kwetu wanawake wengi bado wanafukuzwa kwenye mashamba waliyoyalima maisha yao yote ni aibu ya utekelezaji. Maandishi yenyewe yamelitambua jembe. Kwenye alotimenti jembe halitambuliwi. Unaweza kugeuza msitu wa magugu kuwa bustani, na ukawa bado mgeni. Sisemi ni dhuluma. Panapokuwa na watu wengi nje ya geti wanaosubiri zamu, kitalu kikirithiwa kindugu au kirafiki, foleni haitasogea kamwe. Lakini anayeingia kulima cha mwenzake ajue mapema amesimama wapi.

Siku ya sisi kujua ilifika. Mzee alianguka ngazini, akalazwa, na alipotoka binti yake akamchukua akakae naye Harrow. Kuendesha kitalu cha Leicester kutoka London haiwezekani. Aliandika barua ya kurudisha kitalu ikianzia Septemba 29, siku ambayo kwa desturi ya Waingereza mwaka wa kodi za mashamba huanza, na akaomba mimi nifikiriwe. Kamati ilijibu kwa lugha laini kwamba upangaji ni wa mtu mmoja na unakwisha naye, na kitalu kinakwenda kwa aliye juu kwenye orodha.

Nilipeleka fomu. Mjumbe mmoja, mpya, alisema msaidizi si mpangaji, na alikuwa sahihi. Nikamwomba asome kifungu kinachofuata: msaidizi aliyesajiliwa kwa miaka miwili au zaidi, na ambaye kazi yake imeonekana, anaweza kupewa kipaumbele kamati ikiridhika. "Anaweza" ni neno lenye mlango wazi, mtu akitaka atatoka, akitaka ataingia. Kilichofanya waingie nadhani ni vitu viwili. Tarehe kwenye fomu ilikuwa na sahihi ya katibu wao wenyewe. Na yule mkaguzi aliyeomba chapati ya pili alikuwa mwenyekiti wa kikao.

Hata hivyo sikupewa chote. Kwa sababu ya foleni, kamati ilikuwa imepitisha kwamba kila kitalu kamili kinachorudishwa kikatwe viwili. Nikapewa nusu, rodi tano, nichague. Nikachagua ya nyuma, niliyoing'oa magugu kwa uma mzizi kwa mzizi, nikaachia banda la vioo. Aliyechukua nusu ya mbele ni binti wa Kieritrea aliyekuwa amesubiri zaidi ya miaka minne, na alipofungua geti mara ya kwanza na kukuta udongo mweusi, laini, usio na gugu hata moja, hakuamini bahati yake. Nilimwambia vitunguu saumu hupandwa Oktoba.

Mzee nilimpelekea habari Harrow, pamoja na pilipili za mwisho za bandani. Aliuliza swali moja tu: fomu yangu mpya nimeandika jina la nani pale chini? Nikamwambia bado sijapata mtu. Akatikisa kichwa. "Tafuta," akasema. "Leo mguu yako iko sawa."

Nimeshampata, kijana wa Kikongo kutoka Bukavu anayefanya kazi kwenye ghala tunakopandia basi pamoja. Anataka kupanda sombe, nami nimemweleza kwamba muhogo hautafika popote kwenye baridi ile, ajaribu matembele ndani ya chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa chini. Kabla hajagusa uma tulikaa mezani kwangu tukaandika nani analipa nini, nani anamwagilia mwenzake akisafiri, na mti wa tunda ukipandwa ni wa nani siku mmoja akiondoka. Kisha tukapeleka fomu kwa katibu.

Wewe unayesoma ukiwa Uingereza, na Jumamosi unakwenda kumsaidia shangazi au rafiki kwenye kitalu chake, muulize wiki hii kama jina lako limeandikwa mahali, na kama kamati yao ina utaratibu wa msaidizi. Ukiwepo, jaza, na uchukue nakala yenye sahihi na tarehe. Kwetu haikugharimu hata senti moja.